Tulikuta Injini Imeshapata Moto

Fundi wangu hakuuliza bei ya pikipiki wala hakutazama rangi yake. Alipiga magoti kwenye changarawe za yadi, akapenyeza kiganja kati ya plastiki na injini, akakitoa upesi kama mtu aliyegusa sufuria iliyo jikoni. Akanisogelea sikioni. "Kaka, hii imezimwa sasa hivi. Tuliwaambia tunakuja saa nne, nao wametupikia kabisa."

Nilicheka. Sikuona ubaya wake. Mgeni akija si unapangusa viti na kuwasha feni? Pikipiki imekaa muda mrefu, wameiwasha kidogo ili isiwatie aibu mbele ya mteja. Fundi hakucheka. Alisema tu kwamba siku hiyo tutaangalia kila kitu isipokuwa sauti ya injini, na kwamba kwa sauti tutarudi siku ambayo hawatujui.

Mimi wakati huo nilikuwa mateka tayari. Ilikuwa Yamaha FJR1300, bluu iliyoiva, kioo cha mbele kinapanda na kushuka kwa swichi, maboksi mawili ya pembeni yenye kufuli, shafti badala ya mnyororo, silinda nne, tangi la lita 25. Mimi pikipiki nilijifunzia kwenye DT125 ya mradi, enzi zile nikiwa bwana shamba kijana, nazunguka vijiji vya Njombe na mfuko wa mbegu mgongoni. Kwa aliyetoka huko, hii ilikuwa meli. Na nilikuwa na safari yake tayari. Kila Desemba napanda basi kwenda nyumbani, zaidi ya kilomita 700 kutoka Dar, nakaa dirishani. Chalinze, Morogoro, nyumbu na twiga wa Mikumi kando ya lami, joto la Ruaha Mbuyuni, kisha kona za Kitonga nyuma ya malori yanayopanda kama yanasali. Iringa, Mafinga, upepo wa Makambako. Barabara hiyo nimeiendesha kichwani mara nyingi kuliko dereva wa basi lenyewe.

Kijana wa mauzo alikuwa mstaarabu kwelikweli. "Shikamoo mzee," akanipa kiti, akanipa maji ya baridi. Pikipiki ni ya mwaka 2010, akasema, imetoka Uingereza, imetembea elfu 38 tu, ushuru umelipwa wote, kadi inatoka ndani ya wiki moja. Milioni 19, maongezi yapo. Alisema yote hayo bila kupepesa, na mpaka leo naamini hakuwa akinidanganya. Aliambiwa hivyo, naye akanieleza alivyoambiwa. Hilo linachanganya kuliko uongo, kwa sababu uso wa mtu anayeamini anachosema hauna kitu cha kukushtua.

Fundi alianza na vile ambavyo mwenye yadi hawezi kuvipaka rangi. Pikipiki za safari zimevishwa plastiki kuanzia taa mpaka magotini, na plastiki inabadilishwa. Lakini ncha za mkono wa klachi na wa breki, ncha za vikanyagio, sehemu ya chini ya maboksi, hizo hakuna anayezikumbuka. Upande wa kushoto zote zilikuwa na mikwaruzo, kulia safi. Akainama kwenye shingo ya fremu, pale usukani unapogota ukiukata hadi mwisho, akapitisha kidole kwenye vile vizuizi viwili vidogo vya chuma. Pikipiki ikigonga kitu kwa nguvu, usukani hupigwa kwa kishindo na vizuizi hivyo hubonyea au kukatika. Vilikuwa vizima. "Hii imelala, haijagonga," akasema. Mwenyewe aliiangusha akiwa amesimama, labda nje ya nyumba yake.

Akanionyesha kichwa cha kila skrubu. Zilikuwa na unga mweupe, kama nyumba za Kigamboni zilizo karibu na bahari. Nikasema imekaa bandarini. Akasema hapana, hii ni chumvi ya kwao: wakati wa baridi wanaimwaga barabarani ili barafu isigande, na inakula aluminiamu taratibu mwaka hadi mwaka. Si kasoro ya kukimbia. Ila inakuambia kwamba mwenye pikipiki alikuwa akiendesha hata Januari, kwa hiyo usitegemee kukuta kitu kilichokaa gereji kama mayai.

Tairi la nyuma lilikuwa na kashata nzuri kabisa. Nilifurahi. Fundi akatafuta ubavuni zile namba nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2314. Wiki ya 23, mwaka 2014. Kashata ipo, lakini mpira wenyewe umekuwa kama soli ya kiatu cha jeshi. Na saizi yake, 180/55 ya inchi 17, hupati kwa muuza tairi za bodaboda pale kituoni. Unaagiza, unasubiri, unalipa.

Kisha akabonyeza mbele ya pikipiki mara nne tano kwa uzito wake wote, akafuta bomba la shokapu ya kulia kwa kidole, akanionyesha ncha ya kidole. Uzi mwembamba wa oili. Hakusema neno.

Kitu kikubwa cha siku ile nilikiona mimi, tena kwa bahati. Nyuma, chini ya taa, kibao cha namba cha Uingereza kilikuwa hakijang'olewa. Binamu yangu aliyewahi kukaa Leicester alinifundisha zamani kusoma vibao vyao: herufi mbili, tarakimu mbili, herufi tatu. Tarakimu hizo mbili ndizo umri. Ikiandikwa 10, chombo kimesajiliwa kuanzia Machi 2010. Hii iliandikwa 57, maana yake imesajiliwa kati ya Septemba 2007 na Februari 2008. Nilikipiga picha kibao, nikaweka simu mfukoni, nikaendelea kunywa maji ya kijana.

Usiku niliketi barazani na bando la siku. Kwa Waingereza, chombo kikifikisha miaka mitatu kinapelekwa kwenye ukaguzi kila mwaka, wanauita MOT, na matokeo yake serikali yao imeyaweka wazi mtandaoni. Unaingiza namba ya kibao, unasoma bure, hata ukiwa Mbagala. Nilisoma maisha ya ile pikipiki kama mtu anayesoma cheti cha kliniki cha mtoto. 2010, ukaguzi wa kwanza, elfu tisa na kitu. Kila mwaka inaongezeka elfu tatu, elfu nne, bila kuruka wala kurudi nyuma. Hakuna aliyechezea namba, jambo ambalo kwa kweli lilinipa heshima kwa mmiliki wake. Mwaka 2017 mkaguzi aliandika kwamba shokapu ya mbele kulia inatoa oili kidogo. Mwaka 2018 mwingine akaandika vilevile. Baada ya hapo, kimya.

Namba ya mwisho, 2018, ilikuwa 38,390. Yadini nilikuwa nimesoma 38,412. Na ukurasa ule haukuandika kilomita, uliandika maili.

Mambo mawili yalinijia kwa mpigo. La kwanza, elfu 38 za kijana ni maili, kwa hiyo ni kilomita elfu 61 na mia nane. Sikupaswa kushangaa: kwenye saa yenyewe namba kubwa zilikuwa za maili na zile ndogo za ndani ndizo za kilomita, nilizitazama kwa macho yangu na sikuziona. La pili lilinikaa zaidi. Tangu 2018 pikipiki hii imetembea maili 22. Haikuchakaa kwa safari, ilikaa tu. Ilisimama kwenye banda la mtu miaka yote hiyo, oili ileile, maji ya breki yaleyale, sili za mpira zikikauka, mpaka mtu akainunua kwa bei ya kuondoa, akaipandisha kwenye kontena. Kilomita elfu 61 kwa injini ya silinda nne inayotunzwa si kitu cha kutisha. Kukaa ndiko kulinitia wasiwasi.

Asubuhi nilimtumia fundi picha za kurasa zote. Akajibu kwa sauti, kelele za gereji nyuma yake: "Twende kesho saa moja. Usimpigie simu."

Tulifika saa moja na nusu, mlinzi bado anafagia. Kijana alikuja mbio akiwa na kikombe cha chai, shati halijachomekewa. Fundi akaweka kiganja palepale pa juzi, akakiacha hapo. Baridi. "Washa, mdogo wangu."

Selfu ilizunguka kwa uzito, betri haikuwa na afya, kisha injini ikashika. Na hapo nikasikia. Chacharacha, kama misumari kwenye kopo la maziwa, sekunde nne hivi, halafu ikapotea, ikabaki ile ngurumo tulivu niliyoipenda siku ya kwanza. Fundi alikuwa ameinua kidole kimoja hewani tangu kelele ilipoanza, akakishusha ilipokoma.

"Pikipiki kubwa zote ndivyo zinavyoamka, mzee," kijana akasema.

Fundi alimweleza kwa upole, kama mwalimu. Ndani kuna taimingi cheni, inayoendesha vali, na kuna kidude chenye springi kinachoikaza. Springi ikichoka kwa umri, cheni inalegea, inapiga ukuta injini ikiwa baridi. Ikipata moto inanyamaza, ndiyo maana mteja wa saa nne hawezi kuisikia. Kidude chenyewe ni kidogo, kinaenea kiganjani, kazi ya nusu siku kwa anayeijua. Ila ukikipuuza, siku moja cheni inaruka meno, vali na pistoni zinakutana, na hapo hununui spea tena, unanunua injini.

Nilimlipa fundi elfu hamsini kila tulipotoka, na chai na chapati juu yake. Kuna rafiki zangu waliniona mjinga, kumlipa mtu kwa kuangalia tu. Nilichonunua ni macho ya mtu ambaye hataki ile pikipiki. Mimi peke yangu ningeisikia kelele ile na kuitafutia jina zuri.

Tukakaa kwenye bei. Fundi alishaniandikia kwenye karatasi ya boksi la plagi: tairi mbili, betri, kidude cha cheni, sili za shokapu, maji ya breki na ya rejeta, oili ya injini na ya shafti, na kufungua breki zote kusafisha. Alikisia milioni mbili na nusu mpaka tatu, kutegemea spea zinapita wapi. Nilimwekea kijana karatasi mezani, na kurasa za MOT juu yake. Alizisoma taratibu sana. Nadhani hakuwahi kuziona. Akatoka nje kupiga simu, akarudi na milioni 17. Akatoka tena, 16 na nusu.

Niliomba tuandikiane. Kitabu chao cha risiti kilikuwa na yale maneno ya chini tuliyoyazoea wote, mali ikishauzwa hairudishwi. Nikasema sawa, ila pembeni tuandike namba ya fremu na ya injini kama zilivyo kwenye chuma, mwaka wa usajili wa kwanza 2007, maili 38,412, na kwamba kadi isipotoka kwa jina langu ndani ya siku 14 nitarudishiwa hela. Yote alikubali isipokuwa mwaka. "Mzee, bosi hawezi kuandika 2007." Nikamuuliza kwa nini, kama ndiyo ukweli. Akatazama kikombe chake. Baada ya simu nyingine, bosi akakubali. Nilijiona mshindi.

Kuijaribu barabarani haikuwezekana, haikuwa na namba ya hapa. Nikapewa urefu wa yadi, kama mita hamsini, kati ya Noah mbili na ukuta. Kwa mwendo wa mtu anayetembea nilijifunza machache: klachi inashika vizuri, usukani haukwami katikati, breki ya nyuma inaburuta kidogo. Nikafika ukutani. Nikashuka ili niigeuze kwa mkono, kama nilivyokuwa nikigeuza DT yangu kwenye njia za mashambani, kwa nyonga na usukani.

Iliniegemea kidogo tu. Sentimita chache. Kisha sikuwa nimeshika pikipiki tena, nilikuwa nimeshika ukuta unaoanguka. FJR ya aina ile, tangi likijaa, ni kama kilo 290. Fundi alidaka boksi, kijana akadaka usukani, mlinzi akatupa ufagio akaja kushika kiti. Wanaume wanne tukaisimamisha. Tulicheka, tukapeana mikono. Mguu wangu wa kushoto ulitetemeka mpaka nafika nyumbani, na nilijua pia sasa ni kwa nini mikwaruzo ya mwenyewe wa kwanza ilikuwa upande mmoja.

Jioni nilimsimulia mama watoto, nikiruka sehemu ya ukuta. Nilimwonyesha picha, nikamweleza maili na kilomita, nikamweleza jinsi nilivyomkaba bosi kwenye mwaka. Alisikiliza mpaka mwisho huku akichambua mchele. Halafu akauliza, "Kwa mama utafikaje?"

Kwa mama ni kilomita 28 baada ya lami kuisha. Udongo mwekundu, kiangazi ni vumbi la kufika vifundoni, na Desemba, mwezi wangu wa kwenda, ni utelezi ambao hata malori ya mbao yanalala humo. Mapito yote hayo nayajua kwa majina. DT iliyapita kwa sababu ilikuwa nyepesi, ndefu miguu, na tairi za meno. Tairi za ile Yamaha zilikuwa laini kama za gari la harusi.

"Nitaiacha mjini," nikasema.

"Mjini wapi?"

"Gesti. Kuna gesti zina geti."

"Halafu?"

"Halafu nachukua bodaboda."

Hakucheka mbele yangu, nampa sifa hiyo. Alisimama, akaenda jikoni na ungo wake, na kicheko nikakisikia kikitokea huko.

Sikulala vizuri. Nilikuwa nimetumia siku tatu kuuliza kama pikipiki ni nzima, na majibu yake nilikuwa nayo yote, mpaka wiki ya tairi. Nilihesabu safari za nyumbani: mbili kwa mwaka, nikijitahidi. Siku nyingine zote ni foleni ya Kilwa Road, jua la saa nane, injini ya cc 1300 inapuliza moto mapajani, nami nimeshika kilo 290 kwa mguu mmoja kila daladala likifunga breki. Nilijaribu kuipenda picha hiyo. Nilijaribu pia kujiambia kwamba barabara ya kijijini itawekwa lami; tumeahidiwa mara nyingi.

Asubuhi nilimpigia kijana mwenyewe, sikutaka kutuma meseji. Nilimwambia pikipiki haina tatizo ambalo fundi hawezi kulimaliza, na kwamba siichukui. Alinyamaza. "Mzee, ni bei? Njoo kwa 16 kamili." Hapo ndipo moyo uliponiuma kuliko siku zote, maana kwa 16 ilikuwa halali kabisa, na alijua nami nilijua. Nikamwambia aihifadhi ile karatasi ya boksi la plagi, ampe mteja ajaye. Sikutegemea kama ataifanyia kazi.

Aliifanyia. Ilinunuliwa na mtu wa Dodoma, mwenye biashara yake huko na familia Dar, anayekwenda na kurudi kila mwezi, lami mwanzo mwisho. Najua kwa sababu kijana alimpa karatasi pamoja na namba ya fundi wangu, na kidude cha cheni kilibadilishwa kwenye gereji ileile ninayopeleka gari langu. Nilikwenda kuangalia. Fundi alikibonyeza kile cha zamani kwa kidole gumba, kikaingia bila kubisha. Kipya alikibonyeza kwa viganja viwili. Mwenye pikipiki, mtu mrefu, mapaja kama ya mcheza mpira, aliigeuza pale nje kwa mkono mmoja huku akiongea na simu. Niliangalia pembeni.

Hayo yalikuwa mwaka jana. Wiki iliyopita simu ikaita, namba niliyokwishaisahau. Imeingia Suzuki V-Strom 650, akasema kijana wa mauzo, tairi ya mbele inchi 19, karibu kilo 220, yenye mnyororo, kibao chake bado kipo na amenitumia picha ili nikasome mwenyewe. Nilimuuliza saa inasoma maili au kilomita. "Maili, mzee, nimeshaandika hivyo kwenye tangazo." Akacheka. "Na hatujaiwasha. Funguo ninazo mimi mfukoni. Njoo na fundi wako saa moja."

Nimemwambia nitakuja na mama watoto.